Makaburi ya Makanisani Yalianza kwa Kuomba, Yakaishia Kusifu

Westminster Abbey, kanisa la London ambamo wafalme wa Uingereza hutawazwa, limejaa wafu. Watu zaidi ya 3,000 wamezikwa au wanakumbukwa ndani yake. Kwa mwendo wa dakika chache mtazamaji hutoka kwenye sanamu za shaba zilizopakwa dhahabu za karne ya 13, akapita kwenye makaburi ya marumaru yenye nguzo na malaika, akafika kwenye mawe ya sakafuni yasiyo na pambo lolote. Vitabu vya historia ya sanaa huyapanga makaburi haya kwa nyenzo na umbo: jiwe jeusi la Purbeck, kisha alabasta, kisha marumaru ya Italia, sanamu iliyolala, kisha iliyopiga magoti, kisha iliyosimama. Mpangilio huo ni sahihi, lakini unaliacha kando swali lililo muhimu kuliko yote: maandishi haya yanamtaka nini anayeyasoma? Ukiyasoma kwa swali hilo, utaona kwamba mkato mkubwa uko mahali pamoja tu. Kabla ya Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, kaburi la ndani ya kanisa lilikuwa ombi. Baada yake likawa wasifu. Kila aliyewahi kuhudhuria mazishi Afrika Mashariki anaijua tofauti hiyo, kwa kuwa kuna wakati wa kumwombea marehemu na kuna wakati wa kusoma wasifu wake, na wasikilizaji hukaa kwa namna tofauti kabisa katika nyakati hizo mbili. Sala haidai lolote juu ya marehemu ila kwamba anahitaji rehema. Wasifu hudai mengi, na mwenye kudai hana budi kuulizwa.

Wakristo wa mwanzo hawakuzika makanisani. Sheria ya Roma ilikataza kuzika ndani ya mji, na hata mila hiyo ilipolegea Kanisa lenyewe liliendelea kusita. Mtaguso wa Braga wa mwaka 561 ulipiga marufuku kuzika maiti ndani ya nyumba za ibada. Marufuku hiyo haikufua dafu mbele ya hamu ya waumini ya kulala karibu na mifupa ya mashahidi na karibu na altare. Fundisho la toharani lilipokomaa, hamu hiyo ikapata sababu iliyo wazi. Roho ya aliyekufa katika neema, lakini bado ana madoa, ilihitaji kutakaswa, na sala na misa za walio hai ziliaminiwa kuifupisha safari hiyo. Kwa hiyo kaburi lililowekwa mahali watu wanapopita, lenye jina juu yake, lilikuwa na kazi ya kufanya. Jina lilichongwa ili litajwe mbele ya Mungu. Hata Edward, mwana wa mfalme ambaye Waingereza humwita Black Prince, aliyekufa mwaka 1376 na ambaye sanamu yake ya deraya kamili imelala katika Kanisa Kuu la Canterbury, alijichagulia beti za Kifaransa zinazomweleza mpita njia kwamba utajiri na uzuri wake vimekwisha, na zinazomalizia kwa kumsihi amwombee kwa Mfalme wa mbinguni.

Canterbury ndiko liliko pia kaburi linaloieleza imani hiyo kuliko lolote lingine Uingereza. Henry Chichele alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury kuanzia mwaka 1414 hadi kifo chake mwaka 1443, na kaburi lake lilikuwa tayari limejengwa kufikia miaka ya 1420, yeye akiwa hai na mwenye madaraka. Lina ngazi mbili. Juu amelala askofu mkuu mwenye mavazi yote ya daraja lake, rangi nyekundu na dhahabu ziking'aa. Chini yake amelala mtu yuleyule akiwa maiti tupu, mbavu zimetokeza, sanda imeteleza. Maandishi yanasema kwamba alizaliwa maskini, akapandishwa hadi cheo cha juu kabisa, na sasa ameangushwa kuwa chakula cha funza. Kiti chake cha enzi kilikuwa ng'ambo ya pili ya nafasi ya kwaya, kwa hiyo kwa miaka isiyopungua 15 aliongoza ibada akiutazama mwili wake unaooza. Si hayo tu. Mwaka 1438, pamoja na Mfalme Henry VI, alianzisha chuo cha All Souls huko Oxford, na mojawapo ya kazi za wanachuo ilikuwa kuwaombea wafu, wakiwemo waliokufa katika vita vya Ufaransa. Chuo hicho kingali kinalitunza kaburi lake, ndiyo maana rangi zake ni mbichi hadi leo. Jiwe la Canterbury na chuo cha Oxford vilikuwa sehemu mbili za ombi moja.

Hapa msomaji makini atapinga, na ana haki. Kaburi la Chichele ni la gharama kubwa. Nembo za koo zimechongwa kila pembe ya makaburi ya makabaila. Maskini wa parokia walizikwa uwanjani bila jiwe, na altare za kuombea roho za matajiri zilijengwa kwa fedha ambazo mkulima hakuwa nazo. Yote hayo ni kweli. Zama za Kati zilijua majivuno kama zama nyingine zote, na sala zilinunuliwa. Lakini tazama kinachonunuliwa. Kabaila mwenye mashamba ya wilaya nzima analipa ili mwanamke maskini anayeingia kanisani na mshumaa wake asimame, asome au asomewe jina, na amwombee. Kila alichojenga kinakiri kwamba anamhitaji. Fahari ya umbo inabanwa na unyonge wa maneno, na mvutano huo ndio unaoyapa makaburi hayo uzito ambao mengi ya baadaye hayana.

Mkato ulikuja kwa sheria. Mwaka 1547, chini ya mfalme mtoto Edward VI, Bunge lilifuta altare na wakfu zote zilizowekwa kwa ajili ya kuombea wafu, na mali zake zikachukuliwa na serikali. Toharani ilikataliwa kuwa fundisho lisilo na msingi katika Maandiko. Kwa ghafla maelfu ya mawe yakawa yanaomba kitu kilichoharamishwa. Katika makanisa mengi maneno ya kuomba sala yalikwanguliwa kwa patasi huku jina na tarehe vikiachwa. Mabamba ya shaba yaling'olewa na kuuzwa kwa uzito, mengine yakageuzwa upande wa nyuma na kuchongwa kwa ajili ya marehemu mpya. Uharibifu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1560 Malkia Elizabeth I, ambaye hakuwa rafiki wa toharani, alitoa tangazo la kuukataza. Sababu aliyoitoa inastahili kusomwa polepole: makaburi hayo, lilisema tangazo, yaliwekwa kwa ajili ya kumbukumbu tu, wala si kwa ajili ya ushirikina. Hiyo haikuwa historia ya kweli. Yaliwekwa hasa kwa kile ambacho malkia sasa alikiita ushirikina. Lakini kwa tangazo hilo makaburi yaliokolewa, na kwa tangazo hilohilo yalipewa kazi nyingine.

Wapo wanaoona kwamba nazipa teolojia na sheria nguvu zisizo nazo. Mitindo, watasema, hufuata machimbo na mafundi. Alabasta ya maeneo ya Derby na Stafford ilikuwa laini na ya karibu, ndiyo maana ilitawala. Wachongaji waliokimbia vita vya dini katika Nchi za Chini walifungua karakana Southwark, ng'ambo ya mto kutoka London, wakaja na nguzo za Kirumi na marumaru za rangi. Nakubali kwamba nyenzo zinaeleza jinsi kaburi linavyoonekana. Hazielezi linachosema. Ushahidi mzuri ni karakana za Burton upon Trent, ambako mafundi waliendelea kuchonga alabasta ileile, mabwana na mabibi waliolala vilevile na mikono iliyokunjwa kifuani vilevile, kwa miongo kadhaa baada ya mwaka 1547. Jiwe halikubadilika, sanamu haikubadilika sana, lakini maandishi yalibadilika. Mikono iliendelea kusali ilhali maneno hayakuomba tena sala ya mtu yeyote. Badala yake yalitaja ukoo, ndoa, vyeo, idadi ya watoto, wema kwa majirani. John Weever, aliyechapisha kitabu kikubwa kuhusu makaburi ya kale mwaka 1631, aliliandika wazi lile ambalo kizazi chake kilikubali: kaburi linapaswa kulingana na hadhi ya marehemu, ili kila mtu atambue alikuwa wa daraja gani. Hakuna tena mtu anayelazimika kuomba.

Si haki kusema kwamba Uprotestanti ulizaa majivuno matupu. John Donne, mshairi na Dekano wa Kanisa Kuu la St Paul's, alikufa mwaka huohuo wa 1631, na sanamu iliyochongwa na Nicholas Stone inamwonyesha amesimama juu ya chungu cha majivu, amevikwa sanda iliyofungwa kichwani kama shada, macho yamefumbwa, uso una dalili ya tabasamu. Hamwombi mtazamaji chochote, wala hajisifu kwa umbo, anasubiri kufufuka. Moto wa mwaka 1666 ulipoliteketeza kanisa la zamani, sanamu hii ilinusurika karibu nzima, na alama za moto zingali kwenye kile chungu. Ni kazi ya sanaa ninayoiona kuwa bora kuliko zote za aina yake nchini humo. Inathibitisha kwamba njia ya tatu ilikuwepo, ya kaburi linalotangaza tumaini. Wachache waliifuata.

Wengi walifuata njia pana. Karne ya 18 ilileta huzuni ya jukwaani, na mfano wake maarufu zaidi ni kaburi la Nightingale ndani ya Westminster Abbey, kazi ya Roubiliac ya mwaka 1761, ambamo Kifo kwa umbo la mifupa kinatoka kwenye mlango wa chini kikiwa na mkuki, na mume ananyoosha mkono kumkinga mkewe. Kisha likaja taifa. St Paul's mpya, iliyokuwa imekaa karibu karne nzima bila sanamu za ukumbusho, ilianza kuzipokea katika miaka ya 1790. Ya kwanza ilikuwa ya John Howard, mpigania haki za wafungwa, chaguo jema kabisa. Lakini vita na Ufaransa vilipopamba moto, Bunge likaanza kulipia majenerali na maadmirali, na sakafu ya kanisa ikajaa miungu ya Kirumi, simba na mabikira wa Ushindi. Wasifu wa mtu binafsi ukawa wasifu wa dola. Wanasanaa wa kundi la msanifu majengo Pugin walilalamika katika karne ya 19 kwamba huo ni upagani, wakarudisha sanamu zilizolala na mabamba ya shaba ya mtindo wa zamani. Walirudisha umbo tu. Lile ombi hawakulirudisha kwa kiasi kikubwa. Na baada ya sheria za afya za miaka ya 1850 kuzuia kuzika ndani ya makanisa ya mijini, kilichobaki kwa wengi ni kibao ukutani, yaani wasifu bila kaburi.

Kwa nini jambo hili lina uzito leo? Kwa sababu ugomvi unaoendelea Uingereza juu ya kumbukumbu za watu waliofaidika na utumwa hauwezi kueleweka bila hilo. Tobias Rustat, mtumishi wa Mfalme Charles II aliyekufa mwaka 1694, alikuwa mwekezaji katika Royal African Company, kampuni iliyowasafirisha Waafrika kuvuka Atlantiki wakiwa watumwa. Kumbukumbu yake kubwa ya marumaru iko ndani ya kanisa la chuo cha Jesus, Cambridge. Chuo kiliomba ihamishwe, na Machi 2022 mahakama ya dayosisi ilikataa. Jaji alibainisha kwamba fedha alizokipa chuo hazikutoka kwenye biashara hiyo, na akaona kuwa jiwe hilo linaweza kuwafikirisha waumini juu ya udhaifu wa binadamu wote na dhambi ambayo hakuna asiye nayo. Fikra hiyo ni nzuri, na ina mizizi mirefu katika Ukristo. Taabu ni kwamba inafaa kwa kaburi la Chichele, haifai kwa lile la Rustat. Maandishi ya Rustat hayakiri udhaifu wowote. Yanasema mali yake ilitokana na baraka za Mungu, hisani ya mfalme na juhudi zake mwenyewe, na kwamba sehemu kubwa aliitoa sadaka. Anayesema tusiwahukumu watu wa kale kwa vipimo vya leo anasahau kwamba jiwe lenyewe ndilo lililoanza kesi: limesimama kanisani likitutaka tumkubali mtu huyu kuwa mfano. Mwenye kutoa ushahidi anaulizwa maswali. Aliyeomba tu rehema hatuna la kumuuliza.

Kwa wasomaji wa pwani yetu, jiwe linalogusa zaidi liko sakafuni mwa Westminster Abbey, katikati ya kanisa. Ni la David Livingstone, aliyezikwa hapo Aprili 1874. Linaeleza kwamba aliletwa na mikono aminifu, kuvuka nchi kavu na bahari. Linataja Blantyre alikozaliwa, na kijiji cha Chitambo alikofia, katika nchi ambayo leo ni Zambia; hilo ndilo jina pekee la Mwafrika juu ya jiwe zima, nalo limeandikwa kama jina la mahali. Mikono ile aminifu haikutajwa. Haikuwa mikono isiyojulikana. Abdullah Susi na James Chuma waliongoza msafara uliochukua takriban miezi tisa na zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, mwili ukiwa umekaushwa kwa chumvi na jua na kufungwa ndani ya gome la mti. Februari 1874 uliwekwa katika kanisa la misheni ya Bagamoyo, na mnara wake ungali unatembelewa. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya mazishi. Jacob Wainwright, kijana aliyesomea shule ya misheni huko Nassick, India, ndiye aliyekuwepo, na alikuwa miongoni mwa wabeba jeneza pamoja na Henry Morton Stanley.

Na Wainwright alikuwa ameshachonga maandishi mengine. Moyo wa Livingstone ulipozikwa chini ya mti pale Chitambo, alikata juu ya shina jina la Livingstone, tarehe ya Mei 4, 1873, na majina matatu ya viongozi wa msafara kwa tahajia yake: Yazuza, Mniasere, Vchopere. Kipande hicho cha mti kimehifadhiwa na Royal Geographical Society, London. Tunayo basi makaburi mawili ya mtu mmoja. Lililochongwa kwa kisu porini, na watu wachovu wenye njaa, liliona ni haki kuwataja waliosimama pale. Lililochongwa na mafundi wa taifa tajiri kuliko yote duniani liliona neno "mikono" linatosha.

Kuna pingamizi moja zito hapa. Hatua chache kutoka kwa Livingstone, karibu na mlango wa magharibi, yuko Askari Asiyejulikana wa Vita Kuu ya Kwanza, aliyezikwa Novemba 11, 1920, na jiwe lake ndilo pekee katika sakafu ile ambalo hakuna anayelikanyaga. Hana jina, na heshima yake inapita ya wafalme. Je, kukosa jina si heshima pia? Ni heshima pale jina lilipopotea kweli, na pale kutokuwa nalo kunamfanya awakilishe wote waliopotea hivyo. Ni jambo jingine kabisa jina linapojulikana na likaachwa. Baada ya vita hiyohiyo karibu kila parokia ya Uingereza iliweka ukutani orodha ya vijana wake waliokufa, mmoja mmoja, mwana wa kabaila na mchunga farasi katika safu moja, mabadiliko makubwa na mazuri katika historia ninayoisimulia. Wapagazi wa Afrika Mashariki waliokufa katika vita hiyo, wale ambao jina la Kariakoo linatokana na kikosi chao, hawakupata orodha. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Zanzibar inatoa funzo la upande wetu. Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini lilijengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Nyuma ya altare amezikwa Askofu Edward Steere, aliyelijenga na aliyekifanyia Kiswahili kazi kubwa ya tafsiri na sarufi, na ndani kuna msalaba wa mbao unaosimuliwa kuwa ulitokana na mti ule wa Chitambo. Kwa zaidi ya karne moja waliouzwa mahali pale hawakuwa na sanamu. Mwaka 1998 msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, aliweka nje ya kanisa sanamu za watu watano ndani ya shimo, shingoni wana minyororo halisi. Hawana majina, maana majina yao yalipotea sokoni. Hawasifiwi chochote. Kwangu hao ndio walio karibu zaidi na makaburi ya kale ya Canterbury, kwa sababu wanamtaka anayepita afanye jambo, na hawamwambii lolote la kujivunia.

Hakuna haja ya kugusa jiwe la Livingstone la mwaka 1874. Kulichonga upya kungekuwa kurudia kosa la mafundi wa mwaka 1547. Wala haiwezekani kusema kwamba Abbey imejaa kiasi cha kukosa nafasi ya jiwe jipya. Mwaka 1998 ilipokea juu ya mlango wake wa magharibi sanamu za mashahidi kumi wa karne ya 20, mmoja wao Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda aliyeuawa Februari 1977. Mwaka 2013 ilipata nafasi sakafuni kwa ajili ya C. S. Lewis. Jiwe dogo pembeni mwa Livingstone, lenye majina ya Susi, Chuma, Wainwright na yale matatu ya kwenye mti, pamoja na njia ya kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, halihitaji sifa yoyote ya ziada, na lingeweza kuandikwa kwa Kiswahili, lugha ya misafara ya wakati ule. Uamuzi wa mambo hayo uko kwa Dekano wa Westminster.